Ukuta wa Mdogo Wangu Mbele ya Mlango Wangu

Shirika letu la umma lilipouzwa, niliachishwa kazi nikarudi nyumbani Lushoto na sanduku moja na hasira za kutosha kijiji kizima. Nikakuta mdogo wangu wa tumbo moja amejenga ukuta wa mawe mbele ya mlango wangu. Siku hizo malori ya wachuuzi yalikuwa yanapanda mpaka Malindi, ile ya huku kwetu milimani, kufuata kabichi, naye alitaka shamba lake la juu liwe tambarare. Ukuta ulishikilia udongo wake. Mimi nilibaki chini, nikitazama mawe matupu yaliyofika kimo changu.

Kila asubuhi alinisalimu kutoka juu: "Shikamoo, kaka." Nilisikia kama natemewa mate utosini. Ndivyo nilivyokuwa, sina sababu ya kuficha.

Nikaamua kuyafunika mawe yale. Bogenvilia niliikataa kwa miiba yake. Pesheni ingetaka nguzo na waya. Mimea ya kuning'inia ndiyo ingefaa, lakini hiyo hupandwa juu, kwenye udongo wa mdogo wangu, yaani kwa kumwomba. Kumwomba yeye! Bora nitafune mawe. Nikaenda njia ya Gare kwenye nyumba moja ya zamani, nikakata vipande vya mmea wenye vijizizi vya kujishikiza ukutani, nikaupanda kutokea chini. Baada ya masika mawili ulikuwa umefika juu.

Ukuta ule haukuwa na saruji. Vijizizi viliingia katikati ya mawe, vikayalegeza. Asubuhi moja jiwe liliporomoka, likatua hatua moja kutoka alipokaa mke wangu akichambua maharage. Mdogo wangu akashuka na panga, akaukata mmea wote shinani mbele ya macho yangu.

"Utatuua, kaka. Huu unang'oa ukuta."

Nilimpiga ngumi ya mdomo. Hakurudisha. Alitema damu, akafuta panga kwenye majani, akaondoka. Kutorudisha kwake kulinichoma kuliko panga lenyewe.

Kesho yake nikamwona juu, ameinama ukingoni kabisa, anachomachoma ardhi kwa panga. Nikajua anamalizia mizizi yangu. Niliinua mikono, nikamkamata kifundo cha mguu, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Alianguka juu ya mawe. Nilisikia paja likivunjika, na nakiri, kwa nukta moja nilifurahi.

Mke wangu alitoka mbio. Mdogo wangu alikuwa bado ameshika fungu la marando ya viazi vitamu. Juu, mengine yalikuwa yameshafukiwa, ncha zikielekea kwetu.

"Alikuja jana kuniuliza," mke wangu alisema akilia. "Alisema haya hayashiki jiwe, yanaukinga ukuta tu, na matembele tutachuma sisi. Nikamwambia apande bila kukuuliza, kwa sababu ungekataa."

Tulimbeba kwa blanketi mpaka barabarani, lori la kabichi likampeleka hospitali. Alilala huko miezi mitatu, na mfupa uliunga vibaya. Hajawahi tena kulima kwenye mteremko. Kabla hajarudi, marando yalikuwa yameufunika ukuta wote. Mke wangu alichuma matembele, akayapika, akaweka sahani mbele yangu na kusimama pale mpaka nilipoimaliza.