Herufi Mahali pa Namba

Mimi ni mwalimu mkali, sikatai. Chuoni kwetu Kasulu nilifundisha kompyuta, na nilipenda kuivunjavunja kazi ya mwanafunzi mbele ya wenzake. Tena nilifurahi.

Mwaka ule ofisi moja ya Kibondo ilitupa nafasi moja tu ya mafunzo kwa vitendo. Binti mmoja wa Busunzu, mtoto wa wakulima, aliitaka kuliko wote. Kwao walishamwambia: akiikosa arudi shambani, ada iliyobaki ni ya mdogo wake. Hayo niliyajua.

Mtihani ulikuwa kuandika programu ndogo ya kupanga kipaumbele. Unaipa namba ya kazi inayoendelea kwenye mashine, unaipa na kiwango, nayo inaisogeza kazi hiyo mbele au inairudisha nyuma. Nikakaa kwenye kiti cha binti yule, darasa zima limetuzunguka. Nikaipa kiwango kilichopita kikomo, ikakataa. Nikaacha wazi, ikakataa. Nikatanguliza alama ya kutoa, ikaelewa. Binti akaanza kutabasamu, na tabasamu lile, Mungu anisamehe, likaniudhi.

Penye namba ya kazi nikaandika "ugali". Programu ikajibu: "Imekamilika."

"Ala! Imekamilika nini, we binti? Umesogeza ugali?"

Darasa likaangua kicheko. Nikawaeleza: herufi zimegeuzwa sifuri, na kwa mashine ile sifuri maana yake programu yenyewe. Imejirudisha nyuma yenyewe, halafu inajisifu! "Bure kabisa," nikamwambia. Nafasi nikampa mwingine, ambaye kazi yake sikuijaribu hata kwa herufi moja.

Jioni binti akaja ofisini na daftari. "Shikamoo, mwalimu." Sikuitikia. Akalifungua, akaweka kidole kwenye mstari unaogeuza maandishi kuwa namba. Mstari ule niliuandika mimi ubaoni, muhula wa kwanza. Yeye kaunakili hadi nukta. Barua yenye jina la aliyechaguliwa ilikuwa bado mezani pangu, haijatumwa.

"Na wewe akili ya kuukagua hukuwa nayo?"

"Nilikuamini, mwalimu."

Naona aibu hadi leo. Lakini siku ile niliogopa zaidi darasa lisije likanicheka mimi.

Nikamwambia afunge mlango akitoka. Akaufunga polepole, kwa adabu. Hajafika getini, barua nimeshaituma.