Udongo Alioumeza Mwanafunzi

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na ini na figo juu yake, kwamba mtu akitia udongo wa shamba lako mdomoni, na udongo huo ukamshuka mpaka tumboni, basi shamba hilo limekuwa lake. Hahitaji korti wala bunduki. Ardhi yenyewe inaanza kumfuata, polepole, kama ndama anavyofuata mkono wenye chumvi, na wewe unaamka siku moja ukijikuta mgeni mahali ulipozaliwa. Kwetu, juu kule Mau, hakuna aliyekuwa na shaka na habari hiyo. Baba yangu mdogo alisema mzungu wa kwanza kufika Njoro alishuka farasi, akachota udongo, akaonja, akaitisha chumvi, na kufikia saa sita mchana alikuwa amemaliza kilima kizima.

Wakati huo mimi nilikuwa mtu mzima. Nilibeba magunia kwenye kinu cha unga Nakuru, kila gunia zito kama ndovu mwenye mimba, na jioni nilisoma gumbaru kule Bondeni, wanaume wenye ndevu tukikalia madawati ya watoto, magoti yamegusa masikio. Nilikuwa nimeshaweza kusoma gazeti mpaka tangazo la sabuni la ukurasa wa mwisho. Na bado niliamini.

Sisi ni Waogiek. Watu wa mjini walituita Wandorobo, na wakitaka kunichokoza waliniuliza kama kweli kwetu tunalala juu ya miti. Niliwajibu kwamba ndiyo, na mgeni tunampa tawi la chini. Maisha yetu yalikuwa nyuki. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu, na mizinga yake ya magogo imelazwa juu ya miti ya mitarakwa. Baba alianguka akipandia mzinga, akafa, na mama akabaki na nyumba moja katika kipande cha wazi katikati ya miti. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuna mwanamke wa kwetu aliyekuwa amelifanya. Akapanda viazi.

Shemeji zake walicheka mpaka ndege wakahama.

"Unamzika nani hapo?" wakamwuliza.

"Nawazika ninyi," mama akawajibu bila kuinua mgongo. "Mkiota nitawachemsha."

Viazi vilimpenda. Vilitoka vikubwa kama vichwa vya askari, nami nilivibeba mpaka Nakuru nikajisifu navyo. Kisha ugonjwa ukaingia. Asubuhi mmea umesimama wima, kufikia mchana umelala kama mlevi, na kesho yake umekufa. Mama alizunguka shamba lake akishika majani kwa vidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Chini kwenye tambarare, upande wa Njoro, kulikuwa na chuo cha kilimo. Kwa muda mrefu kilikuwa cha vijana wa wazungu tu, ndipo wakaanza kuingiza Waafrika wachache, mmoja hapa, mmoja pale. Mwalimu mmoja wa chuo hicho, mzungu mwenye magoti mekundu kama nyanya, aliona si haki kwamba afisa wa kilimo anawatembelea wakulima walio wengi na kutuacha sisi tulio wachache. Basi siku za Jumamosi akaanza kupanda mlima na mwanafunzi wake. Gari lilikuwa linabaki chini, maana barabara yetu ilijengwa na swala.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa Mkipsigis, mrefu, kaptura yake ya kaki imepigwa wanga mpaka inasimama peke yake. Lugha yake na yetu ni kama mashemeji: zinaelewana huku zikibishana. Siku ya kwanza alikata kiazi kimoja kinachoumwa, akakitumbukiza ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukateremka kutoka kwenye kile kiazi. Mama akaziba mdomo.

"Ugonjwa umekaa kwenye udongo, mama," mwanafunzi akasema. "Ng'oa vyote, uvichome. Hamia upande ule wa juu, na usipande tena mbegu yako. Mimi nitakuletea mbegu safi."

"Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Na ni nani anamchimbia, wewe ukiwa huku unanichimbia mimi?"

Mwanafunzi akacheka, akashika jembe. Yule mwalimu naye akashika, akachimba vibaya kabisa, mama akampokonya kwa upole.

Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilipopata ruhusa kazini nilipanda mlima kwenda nyumbani, nikakuta mambo mapya: mistari imenyooka, mitaro ya kuzuia maji imechimbwa, kitalu cha pareto kando ya nyumba. Wanawake wengine walianza kuja kuchungulia, kisha wakaja na majembe. Mama alikuwa akitembea kama chifu. Mwishowe alimpa yule kijana mzinga mmoja katika miti yetu, na kwetu mtu hapewi mzinga mpaka awe wa nyumbani. Nilimwona kijana akipangusa macho, halafu akasingizia moshi.

Siku ya jambo lenyewe nilikuwepo. Tulikuwa tumesimama kwenye sehemu mpya, tunangoja mwalimu aseme ni kitu gani kitafaa hapo. Akamwambia mwanafunzi neno moja la Kizungu. Mwanafunzi akainama, akachukua udongo kidogo, akausugua kwa vidole, kisha, mbele yetu sote, akautia mdomoni akatafuna.

Naapa hata nyuki waliacha kazi.

"Amekula," baba mdogo akasema.

Mwanafunzi akatema, akamweleza mwalimu kitu fulani.

"Mwanangu," mama akamwita, "tema."

"Nimeshatema, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Fungua mdomo."

Akafungua, kijana wa watu, mrefu vile, akipigiwa hesabu ya meno na mwanamke anayemfikia kifuani. Mama akamletea kibuyu cha maji, akamwamuru asukutue na atemee palepale alipochota. Alitii. Alisukutua, akatema. Akasukutua, akatema. Lakini mlima ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali, na lile funda la mwisho, tukimwangalia koo, alilimeza.

"Asante, mama," akasema, akarudisha kibuyu.

Mama akakipokea, akakigeuza juu chini.

Mvua ya kupandia haikuwa imekwisha vizuri wakati askari wa msitu walipofika, nami niko nyumbani kwa ruhusa. Walisema msitu ni wa serikali, na kila mtu aliye kwenye vipande vya wazi atoke, hapo patapandwa miti ya mbao. Waliturudisha nyuma kwa fimbo, wakatia nyumba moto. Viazi vilikuwa vimetoa maua. Ninayakumbuka yale maua meupe kuliko ninavyokumbuka moto. Mama alitoka na sufuria, ngozi yake ya kulalia, na mche mmoja wa pareto uliokuwa na udongo wake kwenye mizizi, ambao ulikauka kabla hatujafika bondeni.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumejibanza kando ya barabara, chini, na vitu vyetu vimelowa. Mwanafunzi akatokea na kikapu cha mbegu begani. Hakuwa amesikia lolote. Alitukimbilia, akanyoosha mkono amsalimu mama. Mama akaweka mikono yake nyuma.

"Umeshiba, mwanangu?" akamwuliza.

"Bado, mama. Kama kuna kitu, nitakula."

Mama akageuza uso. Nilimwona kijana akitutazama mmoja mmoja, mkono wake bado uko hewani. Halafu akaweka kikapu chini polepole, kama kuna mayai ndani, akaenda zake.

Mama alipata kazi ya kuchuma pareto kwenye shamba la mzungu, akapewa chumba katika laini ya wafanyakazi, safu ya vibanda vinavyofanana. Hapo hakuruhusiwa kulima hata mahali penye upana wa kaniki. Alikonda. Mimi nilipeleka unga, nikapeleka na hadithi: kwamba Nakuru kuna mtu mnene hata kivuli chake kinabebwa na watu wawili. Zamani angenirushia kijiko. Sasa alitikisa kichwa tu na kuuliza, "Umemwona yule kijana?"

Maana hakumchukia. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa amekaa na jambo lake akaligeuza geuza mpaka akalipatia tumaini.

"Alimeza kwa adabu," aliniambia. "Mtoto aliyelelewa vizuri hatemi maji ya mtu aliyempa. Kosa ni langu, nilimpa maji mazuri. Lakini kitu kilicho tumboni kinatoka. Mtafute. Mwambie aje atapike palepale shambani, nami nirudi kwangu."

"Nitamtafuta, mama."

"Usimkaripie."

Nilimtafuta kweli. Nilifika kwenye lango la chuo, askari akaniambia wanafunzi wa mwaka ule wamemaliza, wametawanyika. Niliwauliza madereva wa malori, wauza mboga, mapadri. Na kila nilipokwenda kumwona mama nilimkuta ameketi mlangoni, vitu vyake vimefungwa kwa kamba, tayari kwa safari.

Nilimpata kwenye maonyesho ya kilimo ya Nakuru, mahali ambapo nilikuwa nimeingia kuangalia fahali tu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya viazi, sasa ni afisa mdogo, na kofia. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Kaka! Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakungoja uje utapike."

Akacheka, maana ananijua mimi na maneno yangu. Nikasubiri amalize. Kisha nikamwambia yote, bila kuongeza hata chembe: udongo, funda la maji, laini ya wafanyakazi, vitu vilivyofungwa mlangoni. Watu walikuwa wanapita, wanashika viazi, wanavirudisha. Yeye alikuwa amevua kofia.

"Ndiyo sababu alikataa mkono wangu," akasema.

"Ndiyo sababu."

Aliigeuza kofia mikononi.

"Kaka, nilikuwa nasikiliza kama kuna mchanga. Mchanga unakwaruza meno, mfinyanzi unateleza. Tulifundishwa hivyo. Na yale maji nilimeza kwa sababu nilikuwa na kiu."

"Na ardhi?"

"Ardhi ilikuwa imeshakwenda kabla sijaijua njia ya kwenu. Amri ya kuwatoa ilikuwa imeshatolewa. Mwalimu aliijua. Aliniambia baadaye. Alidhani serikali wakiona mnalima vizuri watawaacha, akaenda kuwaomba waje waone. Hawakuja."

"Lakini ukija, tuseme, hata kwa ajili ya mama tu, ukatapika pale."

"Nitatapika chai, kaka," akasema. "Pale wameshapanda miti. Mama harudi."