Pedeli Ambazo Hakuziomba

Nilipostaafu kazi ya stoo mgodini, nilikaa nyumbani mpaka mke wangu akachoka. Nilipanga upya sufuria zake, nikahamisha jiko lake la makala, yaani makaa, nikaanza kumweleza namna ya kutwanga majani ya muhogo ya sombe. Asubuhi moja aliniita baba wa watoto wake, akanikabidhi kofia yangu.

"Tata ya batoto, enda utafute kazi ya mikono. Humu jikoni hakuna kitu kiliharibika."

Ndivyo nilivyofika kwenye karakana ya baiskeli nyuma ya kanisa letu, kandokando ya njia ya Musonoi. Ni banda la mabati lenye meza moja ndefu na vifaa vya kutumiwa na wote. Anayetaka kujifunza anakuja, anashika baiskeli zinazoletwa na watu wa mtaa. Anayetufundisha ni mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza vipuri sokoni, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mzee kuliko wote. Kwa majuma mengi niliziba pancha tu, na sikulalamika. Nilipenda kuzamisha mpira ndani ya beseni na kungoja vipovu vionyeshe tundu lilipo. Lakini nilitamani siku ambayo mtu angeniachia baiskeli yake nzima, aniamini nayo.

Siku hiyo ilikuja na kijana mmoja anayesukuma makala kutoka upande wa Mutshatsha. Mnawajua watu hao: wanatembea kando ya baiskeli iliyobebeshwa mifuko mirefu kuliko wao wenyewe, mkono mmoja umeshika fimbo iliyofungwa kwenye usukani. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa limepinda na spoki kadhaa zimekatika. Mama alinitazama, akanisukumia baiskeli.

Nilifanya kazi hiyo kwa furaha. Nilibadilisha spoki, nikalinyoosha gurudumu polepole, huku nikikaza na huku nikilegeza, mpaka likazunguka bila kuyumba. Ningeishia hapo. Lakini niliona baiskeli ile haina pedeli wala mnyororo, na ndani ya sanduku la vipuri vya zamani mlikuwa na vyote. Nikawaza: akija mjini anasukuma, sawa, akirudi bila mzigo si afadhali apande? Nikafunga pedeli mbili, nikatia mnyororo na kuupaka mafuta.

Kijana alipokuja kuchukua baiskeli, alizitazama pedeli kwa kitambo. Mimi nilikuwa nimesimama nikitabasamu kama bwana harusi.

"Aksanti, tata," alisema, akaondoka nayo.

Juma lililofuata alirudi na baiskeli, anachechemea, kitambaa kimefungwa kwenye mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya meza, hakuniona.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "hii mara uipatie mutu mwingine. Yule tata, hapana."

"Juu ya nini?"

"Ah, mama. Ni muzee. Mi nitamwambia nini?"

Maneno hayo yalinichoma. Niliinuka, na nadhani yeye aliona haya kuliko mimi. Nikamwomba aniambie mwenyewe. Alikataa. Nikamwomba tena.

"Tata, hii baiskeli, mi sipandake hii kinga. Mi nasukumaka. Ile pedeli inanipiga ku muguu kila hatua. Ku mushuko ilinipiga nguvu, nikaachia, mifuko ikaanguka mu barabara. Makala yote ikapasuka."

"Na kurudi? Si ungepanda?"

"Kurudi natembeaka na benzangu. Tunasimulia, tunacheka. Mi nipande peke yangu, niende wapi?"

"Sasa mbona hukusema siku ile?"

Alitazama chini. "Ulikuwa unafurahi sana, tata."

Mama hakungoja nijibu. Aliagiza mifuko ya mchanga ya mafundi waliokuwa wakikarabati kanisa ipakiwe juu ya baiskeli.

"Sukuma, tata. Tuone."

Nilisukuma. Kabla sijamaliza kuvuka uwanja, pedeli ilinigonga kwenye mfupa wa mguu hata nikapiga kelele, na bila kijana kuidaka baiskeli ningeanguka pamoja na mchanga wote. Banda zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, huku nikisugua mguu. Lakini makala yaliyopasuka barabarani nayajutia hadi leo, maana yalikuwa jasho lake. Na si yeye wa kwanza. Mke wangu, watoto, wenzangu wa stoo, nimewatengenezea mengi ambayo hawakuniomba, na wengi wao walisema aksanti tu wakaenda.

Nilifungua pedeli, nikatoa mnyororo. Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza tangu mwanzo: alihitaji nini?

Alihitaji breki. Kwenye mteremko mzigo humvuta, naye huzuia gurudumu kwa ndala mpaka ndala inaisha. Tulikata kipande cha tairi kuukuu ili tukifunge karibu na gurudumu la nyuma, pawe na kamba ya kukivutia kutoka kwenye fimbo. Nilianza kukifunga.

"Hapana pale, tata!" alisema. "Juu kidogo. Mufuko utaikamata."

Nikapandisha.

"Aa, sasa umepita! We tata, unaharibu! Leta, shika huku, mi nafunga."

Mama aligeuka kunitazama, akidhani nitakasirika. Nilishika pale nilipoambiwa. Aliendelea kunigombeza hadi adhuhuri, na sikumbuki lini nilifurahi kiasi hicho.