Kipimajoto Mdomoni mwa Bomba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara, mama mmoja Mzungu wa Kiafrikana mwenye sauti ya upole, alinikabidhi kipimajoto akasema, "Mkono wa mtu hudanganya, Gitonga. Amini chombo. Na msome wawili wawili." La kwanza nililishika hadi kupita kiasi. La pili nililiacha, maana sikutaka mtu aguse daftari langu.

Maabara ilikuwa Doornfontein, mtaa wa jijini. Uani, chini ya paa la mabati, tulikuwa na matangi marefu ya kulelea vifaranga vya trauti, samaki wa mito ya baridi, ndugu wa samoni. Siku hizi mna vyombo vinavyojiandikia vyenyewe. Sisi tulisoma kwa macho. Mwili wa kifaranga hufuata joto la maji. Yakiwa baridi mno, anadumaa. Yakipata uvuguvugu kidogo, anakula na kukua. Yakizidi hapo, hewa majini hupungua wakati yeye anaihitaji zaidi, basi huacha kula na kuchezesha mashavu mbio mbio.

Nilipelekwa milimani kupima mito, nikarudi Doornfontein nikiwa fundi mkuu, na jicho la askari kanzu. Kiangazi kimoja vifaranga wakaanza kufa. Niliwashuku wanafunzi. Nilimshuku aliyetuuzia chakula cha samaki. Mwisho nikamshuku Papa Kalala, mlinzi wetu kutoka Lubumbashi, aliyenisomea kipimajoto Jumapili baada ya ibada.

Mimi nilisoma siku nyingine zote saa mbili asubuhi, nikapata nyuzi kumi na tatu. Yeye, saa nane mchana, aliniandikia kwenye kikaratasi ishirini, ishirini na moja. Nikajua tu: huyu anakaa getini na kubuni namba.

"Shefu," aliniambia, "bale samaki beko banakimbilia ku tiyo. Mayi iko moto. Mi naliweka mukono."

Eti mkono! Kweli vifaranga walijazana mdomoni mwa bomba la kuingizia maji, lakini niliamini wanasubiri chakula. Nikapeleka daftari kwa Mkuu.

"Eish, Gitonga, una hakika? Yule mzee ana watoto wanne."

"Nina hakika."

Papa Kalala akaachishwa kazi. Aliniaga kwa heshima, na heshima yenyewe nikaishuku.

Vifaranga wakaendelea kufa. Wiki ya pili nilirudi uani mchana kuchukua koti, nikawakuta wamebanana pale pale bombani, na hakuna chakula. Nilitumbukiza kipimajoto nilipozoea, mdomoni mwa bomba: kumi na nne. Nikakisogeza katikati ya tangi: ishirini na moja. Nilikaa chini kwenye saruji. Miaka yote nilipima penye baridi, saa ya baridi. Samaki walikuwa wamekimbilia mahali pekee nilipopajua mimi.

Nilikiri kwa Mkuu siku hiyo hiyo. Tukaweka kivuli juu ya matangi, vifo vikakoma. Papa Kalala akaandikiwa barua ya kumsafisha, lakini nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Nina aibu hadi leo.

Nilipostaafu walinizawadia kile kipimajoto. Nikakipeleka mtaa wa La Rochelle, kwenye chumba alichopanga Papa Kalala. Mjukuu wake alifungua mlango, akamwita kwa Kizulu. Nilimwomba radhi nikiwa bado nimesimama.

"Barua nilipata," alisema. "Nalingoja weye mwenyewe."

Akanionyesha kiti. Alichukua kipimajoto, akakitia kwenye ndoo ya maji, akangoja, akasoma. "Kumi na nane. Soma na weye, Shefu. Tusome wawili."

Nikasoma. Kumi na nane. Naye alikuwa akinitazama usoni, na Mungu anisamehe, nikainama nikasoma mara ya pili.