Sweta la Mama Mkubwa Lisilofuliwa

Sikiliza, wewe unayetaka kujifunza kufuma. Najua umekuja kwa ajili ya vitu vizuri: kofia ya mtoto, mfuko wa kubebea Biblia, sweta la kukukinga na baridi ya Kitale asubuhi. Tutafika huko, wala si mbali. Lakini kabla ya kukupa sindano nataka kukueleza habari ya uvundo, kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza, na uzi huhifadhi uvundo kuliko kitu chochote nilichowahi kukaa nacho nyumba moja.

Karibu kila ninachovaa nimekitengeneza mwenyewe. Magauni nayashona kwa cherehani ya miguu iliyo sebuleni kwetu Kibomet, hapa Kitale, masweta nayafuma kwa mkono, na mabaki ya vitenge huwa vilemba na mikoba. Aliyenifundisha ni mama mkubwa, yaani dada yake mama yangu, aliyeolewa Bumula. Likizo zote za shule nilikuwa kwake. Somo lake la kwanza halikuwa vitanzi wala sindano. Lilikuwa beseni.

"Nenda unawe," aliniambia.

Nikanawa, nikarudi. Akanigeuza viganja kama anayekagua viazi sokoni.

"Na hapa kati ya vidole umemwachia nani? Rudi."

Nilirudi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Uzi wake ulikuwa mweupe kama maziwa, sufu ya kondoo iliyosokotwa kwa mkono na mama mmoja wa Kachibora, na hakutaka niuguse na vidole vilivyoshika muwa. Kwa uzi huo alijifumia sweta la vifungo lenye msuko mnene uliopanda mgongoni hadi shingoni. Alilivaa kanisani tu. Lilinukia sabuni ya mche. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Miaka ikapita, nikaolewa Kitale. Mama mkubwa akaugua, ugonjwa wa kulala kitandani muda mrefu, akawa anasikia baridi hata jua likiwaka. Lile sweta la kanisani likawa la kitandani. Aliyemuuguza ni binti yake wa pekee. Kwetu mtoto wa mama mkubwa ni dada, kwa hiyo hapa nitamwita dada. Mimi nilikwenda kila nilipoweza, nikakaa kidogo, nikarudi kwangu. Dada ndiye aliyembeba, akamlisha, akambadilisha. Alikuwa na neno lake la kunichoma: "Nyinyi wa Kitale mnakujanga kama wageni wa heshima." Alilisema akicheka, lakini lilikuwa na mfupa ndani.

Tulimzika. Ikafika siku ya kunyoa nywele, ambapo nguo za marehemu hugawiwa watu wa nyumba yake. Mama mdogo, aliyekuwa mdogo wa mwisho wa mama zetu na, wenzake wote wakiwa wamekufa, sasa ndiye mkubwa wetu, alikaa kwenye mkeka akichomoa nguo guniani moja moja. Alipofika kwenye sweta, dada akainua mkono.

"Hiyo mpe yeye. Si ndiye mama alimfundisha?"

Nilipiga magoti nikalipokea kwa mikono miwili. Mama mdogo akatuangalia wote, akasema, "Na hizi nguo hazifuliwi mpaka makumbusho, siku ya ibada ya kumkumbuka. Siku hiyo kila mtu avae yake, watu waone. Baadaye mtafua." Hakuna aliyeuliza kitu. Siku kama hiyo nani anauliza?

Sasa vumilia, nikueleze nilichopokea, kwa sababu ukiwa fundi wa nguo lazima uweze kutazama nguo chafu bila kujidanganya. Kola ilikuwa imekakamaa kwa jasho na mafuta ya nywele mpaka inasimama yenyewe. Kifuani uji ulikuwa umekauka tabaka juu ya tabaka, ukipinda kitambaa unakatika kama rangi ya ukuta. Mikono ya sweta ilikuwa imetumika kufutia pua. Upande wa nyuma, chini ya ule msuko niliokuwa nikiutazama kanisani, kulikuwa na duara la manjano, na sina haja ya kukuambia ni la nini. Mfukoni nilikuta kipande cha mandazi kilichoota manyoya ya kijani. Na juu ya yote hayo dawa ya kuchua, ile kali ya kunata, iliyochanganyika na moshi wa kuni na kitu kingine kitamu kitamu, kama ndizi iliyooza ndani ya godoro.

Kuna sababu ya haya. Sufu ina mafuta yake ya asili, na kila unywele wake una magamba madogo sana. Jasho huingia humo likakaa. Pamba hunuka leo, kesho upepo ukapita ikasahau. Sufu haisahau. Na ile iliyosokotwa kwa mkono ndiyo mbaya zaidi, maana imelegea, ina nafasi nyingi za kuficha.

Nililifunga ndani ya karatasi ya nailoni, nikalipeleka Kibomet, nikaliweka juu ya kabati. Wiki hiyo hiyo magauni yangu yakaanza kunuka. Nikalihamishia stoo, mahindi yakanuka. Nikaweka limau na majani ya mkaratusi, ikawa harufu ya mgonjwa aliyelazwa msituni. Nilikuwa nikifungua nailoni, nikiweka mkono wangu mmoja ndani ya mkono wa sweta ili nizoee. Nikinawa. Nikirudia kunawa, kati ya vidole pia.

Mzee wangu, yaani mume wangu, alistahimili, kisha akashindwa.

"Mama, huyu mgeni wako wa Bumula anaenda lini?"

"Mpaka makumbusho."

"Na si umwambie basi aoge?"

"Haruhusiwi."

"Ati haruhusiwi! Kuoga?" Akachukua redio yake, akaenda kuisikilizia nje.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikulifua kimya kimya. Nilifikiria, sana. Lakini akilini nilimwona dada akinitazama siku hiyo ya makumbusho, akilinusa na kulikuta linanuka sabuni ya Kitale. Angesema nini? Kwamba yeye alikaa na mama yake ndani ya harufu hiyo usiku na mchana, na mimi sikuweza hata kuivaa asubuhi moja. Dada hakuwa na ndugu mwingine. Kama ningemfanya aamini kwamba tunamwonea kinyaa mama yake, asingekuja kwangu tena, na mimi nisingekuwa na uso wa kwenda kwake. Kwa hiyo niliamua nitalivaa, na sitakunja hata pua.

Siku ya makumbusho ikafika. Nililivaa tulipofika Bumula, nyuma ya nyumba, nikiwa nimebana pumzi kama anayeingia mtoni. Tukaketishwa chini ya tenti mstari mmoja, watu wa nyumba: mama mdogo na koti la marehemu, wajukuu na leso zake za kujitanda, dada na gauni la maua la mama yake, mimi na sweta. Kwaya ikaimba. Mchungaji akaanza kusoma.

Ndipo jua likapanda. Nguo ya sufu ikiwa kavu hulala. Ukiilowesha huamka, na jasho ni maji. Nilisikia sweta likiamka juu yangu, kwanza kwapani, kisha mgongoni, likawa la moto, likanishika ngozi kama ulimi wa ng'ombe. Ule uji wa kifuani ulianza kulainika. Inzi akaja akatua kwenye mkono wangu, akatulia kama aliyefika nyumbani. Akaita wenzake. Nikatambua pia kwamba haikuwa mimi peke yangu: mstari wote ulikuwa ukifuka. Koti la mama mdogo lilinuka panya. Leso zilinuka samli iliyochacha. Mama mmoja wa kwaya alianza kurudisha kiti chake nyuma katikati ya ubeti, bila kuacha kuimba, na wengine wakamfuata.

Mtoto wa jirani akauliza kwa sauti, "Mama, nani amekufa tena?"

Nilisimama taratibu, kama mtu anayekwenda chooni. Nilifika kwenye migomba nyuma ya jikoni nikatapika chai yote niliyokunywa asubuhi. Nilipoinuka, dada alikuwa amesimama hapo.

"Ni hiyo sweta?"

"Ni jua tu, dada."

"Wacha bana. Mimi najua hiyo harufu kuliko wewe." Alikuwa ameshika kola ya gauni lake, akiivuta mbali na shingo. "Kwani wewe, hukufua?"

Nilimtazama. "Si tuliambiwa tusifue?"

"Hata mimi niliambiwa. Lakini nilijua wewe utafua. Wewe na usafi wako wa Kitale! Nilisema, angalau moja itakuja imefuliwa." Akaiachia kola. "Nilikupatia hiyo kwa sababu sikutaka kuiona tena vile ilikuwa. Nilitaka uirudishe vile ilikuwanga kanisani. Huyo mama alikuwa anafua hata kamba ya kuanikia. Unamkumbuka? Miezi yote hiyo akigonjeka alikuwa ananiuliza, 'Nanuka?' Na mimi namwambia, hapana, mama. Sasa leo tumemleta mbele ya watu wote akinuka."

Kinyaa nilichokuwa nacho mpaka hapo kilikuwa cha pua. Kilichonijia sasa kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hakikuwa juu ya uji wala duara la manjano. Kilikuwa juu yetu, watu wazima, tulioketi chini ya tenti tukimtangaza mwanamke msafi kwa uchafu ambao ulikuwa wa ugonjwa, halafu tukauita heshima.

Mama mdogo alitukuta hapo, naye akitafuta upepo, koti begani. Dada akamgeukia.

"Mama mdogo, hii sheria ya kutofua ilitoka wapi?"

"Si ni mila?"

"Ya nani? Bibi alizikwa, nguo zake zilifuliwa siku ileile. Mimi ndiye nilianika."

Mama mdogo alifikiri, akitazama viatu vyake. "Kumbe ni ya kwa kina mzee wangu, huko mlimani," akasema mwishowe. "Niliikuta nilipoolewa. Nimekaa nayo mpaka nikadhani ni yetu." Akalinusa koti, akakunja uso. "Na hata huko sikuwahi kuipenda. Mnanuka, watoto wangu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye naongoza." Dada akaangua kicheko, machozi yakimtiririka.

Mchungaji alikuwa bado akihubiri. Dada alileta beseni kubwa la bati na mche wa sabuni, mimi nikavua sweta. Alitaka kulisugua mara moja, kwa hasira, nikamshika mkono. Maji ya kwanza yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake yakaelea mafuta, nywele, maganda ya uji, na kitu kama ukucha. Yale ya pili yalikuwa ya manjano na yalipandisha harufu ya dawa mpaka tukageuza nyuso sote wawili. Tuliyamwaga mbali, kwenye shimo la takataka, maana hata migomba niliionea huruma. Wageni walipokuwa wakila, sisi tulikuwa tungali tunamwaga. Mama mdogo aliketi kwenye kigogo akitusubiri na koti lake, kama mtu kwenye foleni ya kinyozi.

Jioni tulilitandaza juu ya gunia safi kivulini, nao msuko ukaonekana, kila kitanzi. Dada aliinama akalinusa, kwa muda mrefu.

"Sasa ni yeye," akasema. "Kaa nalo."

Ninalo. Ndilo unaloliona hapo mlangoni, na ndiyo maana somo lako la kwanza ni beseni, kama lilivyokuwa langu. Una nguo ya sufu nyumbani ambayo hujathubutu kuigusa. Kila mtu anayo. Kwaruza kipande cha sabuni ya mche ndani ya maji ya vuguvugu, yasiyochoma kifundo cha mkono, koroga mpaka iyeyuke. Toa kila kitu mfukoni. Izamishe nguo, ikandamize kwa viganja, usiisugue wala kuikamua, maana sufu ikisuguliwa hujikunyata ikawa ngumu kama zulia. Iache ilowe, mwaga, weka maji mengine ya joto lilelile. Rudia mpaka maji yatoke yalivyoingia, kisha itandaze kivulini.