Aliko na Gitaa la Kulaza Mapajani

Gitaa jipya lilifika kanisani Alhamisi moja wakati wa mazoezi ya kwaya, limefungwa blanketi la kijivu kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Aliyelileta ni Osea, mwenye duka la spea za malori pale Tunduma, na ilibidi watu wawili wamsaidie kulibeba. Walipolifunua na kulisimamisha kwa miguu yake minne, wanakwaya waliacha kuimba. Lilikuwa na nyuzi kumi, vyuma vya kusukuma kwa magoti, na chini kabisa pedeli tatu zimepangwa mstari mmoja, zinang'aa.

"Shikamoo, Mzee Aliko," Osea alisema. "Hili nimeagiza Lusaka kwa ajili yako. Lile lako limechoka. Nipe mimi nikalitunze."

Aliko alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, gitaa lake limelala mapajani. Alishukuru kwa maneno yote yanayopasa, watu wakapiga makofi, lakini katika yote aliyosema Osea, yeye alibaki na hilo la mwisho tu. Nipe mimi nikalitunze. Alitunze la nini? Mtu anatoa kitu kizima namna hii, halafu anaomba kibovu? Na Osea huyu, katika miaka yote ya kusali pamoja, alikuwa hajawahi hata kumuuliza anaendeleaje.

"Hili niachie kwanza," alimjibu. "Tumezoeana."

Osea alitabasamu, lakini macho yake hayakutoka kwenye lile gitaa la zamani.

Aliko alikuwa na miaka sitini na moja, mtu wa Ikinga kule Ileje, fundi cherehani tangu ujana. Alishonea barazani mwa duka la vitenge karibu na boda, mahali ambapo Wazambia huvuka asubuhi na vitambaa vyao, wanamsalimia "mulishani", naye anawajibu kwa Kibemba kile kile kidogo anachokijua. Gitaa la kulaza aliliona mara ya kwanza Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Mwanamume mmoja alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, gitaa limewekwa mbele yake. Aliko alikuwa amelisikia redioni gitaa la namna hiyo, sauti yake inateleza kama mtu anayeita kutoka mlima wa pili, na hakuwa amewahi kuliona kwa macho. Pesa hakuwa nayo. Alikuwa na suti ya kahawia aliyoishona kwa ajili ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Yule mtu aliipima begani, akaikunja, akampa gitaa na kile kipande cha chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi, akaondoka bila kutaja jina.

Nyumbani ndipo Aliko alipogeuza gitaa akaona herufi mbili zimechongwa mgongoni kwa ncha ya kisu: T.M. Alikaa akizitazama. Mtu anayeuza mali yake halali, aliwaza, haondoki kwa haraka namna ile. Wiki hiyo hiyo alitafuta msasa, akazikwangua mpaka ubao ukawa mweupe, akapaka vanishi. Hakumwambia mtu, hata mkewe Gwantwa. Alama nyingine, ya kuungua kwa pasi ya mkaa pembeni mwa nyuzi, ilikuwa imezama mno. Aliiacha.

Kwa hiyo sasa, Osea alipoanza kulitazama gitaa lile, Aliko naye akaanza kumtazama Osea.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alitoka kusalimia watu. Aliporudi ndani alimkuta Osea amelipindua gitaa kifudifudi juu ya kiti, ameinama na simu, anapiga picha mgongo wake.

"Naangalia tu ubao wake," Osea alisema, akairudisha simu mfukoni. "Mbao za siku hizi haziko hivi."

Tangu siku hiyo Aliko aliacha kuliweka gitaa kwenye stoo ya kanisa. Alilibeba kwenda nalo na kurudi nalo, na usiku aliliegemeza ukutani upande wake wa kitanda.

"Baba Sekela," Gwantwa alimwambia, "sasa chumba hiki tunalala watatu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Kama hakuna kitu, mbona umefunga mlango mara mbili?"

Kanisani nako maneno yalianza. Gitaa la pedeli lilisimama wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, limefunikwa blanketi lake. Wengine walisema mzee anaringa. Wengine walisema amezeeka, hawezi kujifunza, na anaona aibu kukiri. Goodness, mwanamke wa makamo aliyepiga kinanda, ndiye pekee aliyekuja kumuuliza ana kwa ana. Alimfuata barazani na gauni la kupunguza mikono.

"Mzee, wewe mguu wako uko kwenye pedeli ya cherehani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Zile tatu zinakushindaje?"

Aliko alisimamisha cherehani. "Nani kasema zimenishinda?"

"Watu."

"Sikiliza. Ukikanyaga pedeli ya lile gitaa, uzi unavutwa, unakwenda pale fundi wake alipopanga uende. Unafika sawasawa, kila mara. Mimi nikiwa na chuma changu mkononi, sauti naitafuta mwenyewe. Nikizidisha kidogo nasikia, narudi. Nikipungukiwa nasikia, nasogea. Pale katikati, kabla sijafika, ndipo wimbo ulipo kwangu." Akaangalia mguu wake. "Halafu huu unashona siku sita. Jumapili na wenyewe ukae."

Goodness alicheka, lakini hakuridhika. "Waoneshe basi kwamba unaweza. Ukikataa kitu unachokiweza, utaeleweka."

Ushauri huo aliumeza kwa shida, ila aliufuata. Alichukua ufunguo kwa mhudumu wa kanisa, akawa anakwenda Jumanne na Jumatano mchana, wakati kanisa halina mtu. Alijifunza magoti, akajifunza kukanyaga pedeli mbili kwa mguu mmoja. Baada ya wiki tano alilifunua lile gitaa mbele ya ibada, akapiga wimbo wa matoleo kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukosea hata mara moja. Watu waligeuka kwenye mabenchi kutazama. Wimbo ulipokwisha alilifunika tena, akalilaza la kwake mapajani, na wimbo uliofuata akaupiga kwa chuma. Maneno ya kutoweza yakaisha.

Osea peke yake hakupiga makofi. Baada ya ibada alimfuata Aliko mlangoni. "Sasa umelijua," alisema. "Lile la zamani unalihitaji la nini?"

Aliko hakulala vizuri wiki ile. Jumatatu iliyofuata aliacha cherehani yake, akaenda dukani kwa Osea, akapita katikati ya matairi na makopo ya grisi mpaka ndani.

"Bwana Osea, unataka nini kwenye gitaa langu?"

Osea alifunga mlango wa ofisi.

"Mama yangu alikuja Pasaka kutoka Isansa," alisema. "Alikaa benchi la mbele. Wewe ulipopita na gitaa aliona ile alama ya pasi, akanishika mkono. Aliniambia ni gitaa la marehemu mjomba Tumpale, ndugu yake wa Ibaba kule Ileje. Liliibwa. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mjomba alivyolia." Alitoa simu, akamwonesha picha ya mgongo wa gitaa. "Mjomba aliandika herufi zake hapa. Pamekwanguliwa. Nani alikwangua, mzee?"

Malori yalinguruma nje. Aliko aliona hakuna pa kupita.

"Mimi."

"Nilijua. Lakini sikutaka kukuita mwizi mbele ya kanisa. Nikasema nikununulie jingine zuri zaidi, lile lirudi kwetu kimya kimya, yaishe. Ukakataa."

"Sikuiba. Nilibadilishana na mtu, Nakonde."

"Na herufi ukazikwangua kwa sababu huna kosa."

"Nipeleke kwa mama," Aliko alisema. "Nitampa kwa mkono wangu."

Waliondoka Jumamosi asubuhi kwa gari la Osea. Osea alifungua buti, lakini Aliko alikataa, akaketi mbele na gitaa mapajani. Mpaka Vwawa walikuwa wamesemeshana maneno matatu labda. Kila gari liliposimama, Osea aliangalia mikono ya mzee, kana kwamba anaweza kushuka akakimbia na gitaa mpaka Ileje.

Bibi Tulinagwe, mama yake Osea, walimkuta kwenye kichanja cha kahawa, anachambua punje mbovu. Alikuwa mwembamba, ameshapita miaka themanini, na macho yake yalikuwa makali bado. Aliko alimwamkia "shikamoo, mama", kisha akaendelea kwa Kindali. Bibi aliposikia lugha ya kwao aliacha kahawa. Alimwangalia, akaliangalia gitaa.

"Osea," alisema, "sukari imekwisha. Kanunue dukani."

"Mama, nimekuja nayo, iko kwenye gari."

"Basi kanunue chumvi."

Osea aliondoka akigeuka nyuma. Bibi alingoja apotee kwenye migomba.

"Huyo aliyekupa Nakonde," aliuliza, "ulimpa nini?"

"Suti, mama. Ya kahawia. Niliishona mwenyewe."

"Kola pana?"

"Pana."

Bibi alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika. Aliko alidhani analia, kumbe ni kicheko.

"Tumpale alirudi Ibaba amevaa suti hiyo," alisema. "Alikuwa anakwenda kuposa kwa watu wenye mali, na hakuwa na nguo. Gitaa lilikuwa la baba yetu, akapewa yeye, baba akiwa bado hai. Angesemaje? Akasema limeibwa njiani. Alilia mpaka kijiji kizima kikatoka kutafuta mwizi. Mimi nilimwangalia nikawaza, mwizi gani anakuchukulia gitaa anakuachia suti?"

Aliko alikaa chini kwenye ukingo wa kichanja bila kukaribishwa. Miaka thelathini alikuwa akimwogopa mwenye gitaa, na mwenyewe ndiye aliyempa.

"Kwa nini hukumwambia Osea?"

"Tumpale ndiye aliyemsomesha. Baba yake alipofariki, mjomba wake aliuza ng'ombe mmoja mmoja mpaka mtoto akamaliza. Osea akimtaja huwa anavua kofia. Mimi nilipoliona gitaa nilishtuka tu, nikasema ni la Tumpale. Kuibwa ni yeye aliyekumbuka, na mimi nikashindwa kumrudisha." Alikunja kanga yake magotini. "Utanitunzia siri hiyo? Nakuomba. Utabaki unatazamwa vibaya, najua."

Aliko alitazama mashina ya kahawa. Angeweza kukataa. Ushahidi ulikuwa umekaa mbele yake, una akili timamu.

"Sawa, mama," alisema.

"Nipigie basi."

Spika ya gitaa Aliko hakuwa nayo, na bila umeme nyuzi zilisikika kwa mbali tu, kwa hiyo bibi aliinamisha kichwa karibu. Aliko alipiga wimbo wa mazishi wa Kindali, taratibu, chuma kikipanda na kushuka, kikichelewa pale anapopenda kichelewe. Osea alirudi na chumvi mkononi, akasimama.

"Tumpale hakupiga hivi," bibi alisema kwa Kiswahili, ili mwanawe asikie. "Yeye alikuwa na haraka. Osea, gitaa nimempa huyu mzee. Nimempa mimi, na neno hilo lisirudi tena."

"Mama, lakini limekwanguliwa—"

"Nimesema nimempa."

Njiani kurudi, walipokaribia mizani ya malori, Osea aliuliza, "Mlizungumza nini mimi nilipokwenda dukani?"

"Mambo ya Ileje."

"Mambo gani ya kumfanya mama acheke?"

"Ya zamani."

Osea aliongeza mwendo.

Gitaa la pedeli sasa linapigwa na Goodness, ambaye miguu yake imelizoea upesi kuliko alivyotarajia, na Jumapili huwa wanakaa yeye na Aliko upande kwa upande, mmoja anakanyaga, mwingine ameketi miguu imetulia. Watu wa Tunduma wanasema kwaya ile haijawahi kusikika vizuri namna hiyo. Osea huketi benchi la pili. Anapopita barazani pale asubuhi, husema "shikamoo" bila kupunguza hatua, na suruali zake hupeleka kwa fundi mwingine, upande wa pili wa barabara. Aliko humjibu "marahaba", akarudisha mguu kwenye pedeli, akaendelea kushona.