Ng'ombe Hawahesabiwi

Mimi mdomo sikunyimwa. Mama alikuwa akisema kwamba maneno yangu yangekuwa maji, Isiolo nzima ingelima mpunga. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Kiswahili aliposoma mada ya mdahalo wa siku ya wazazi, hakuna aliyeshangaa kunisikia nikidai kuongoza upande wa kupinga hata kabla hajaketi. Mada yenyewe ilikuwa hii: ufugaji wa kuhamahama umepitwa na wakati. Nilipandwa na hasira kana kwamba mtu amenitukania mzazi. Na kwani alikuwa hajanitukania? Baba yangu alikuwa mfugaji wa kuhamahama, na hakuwahi kuwa kitu kingine.

Mvua ilikuwa imetukataa msimu baada ya msimu. Baba alikuja kukaa nasi mjini, kwenye nyumba yetu ya mabati pale Wabera, jambo ambalo zamani alilivumilia siku mbili tatu tu kisha akaanza kulalamika kwamba kuta zinamkaba. Ng'ombe, alituambia, amewaacha na binamu yake huko mbele ya Ngaremara. Mara kwa mara alichukua fimbo yake, akaomba lifti ya lori linaloelekea kaskazini, akaenda kuwaangalia. Alirudi jioni vumbi likiwa limemjaa hadi kwenye kope. Mimi nilimpokea mlangoni na salamu za kwetu: nagaa? Watu nagaa? Ng'ombe nagaa? Amani, yaani. Naye alijibu nagaa, nagaa, nagaa. Salamu zetu hazina jibu lingine. Hata aliyetoka kuzika asubuhi hujibu nagaa kwanza, na habari mbaya hungoja watu wakae, wanywe chai.

Mjomba, kakake mama, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki karibu na msikiti. Alikuja karibu kila jioni kumwimbia Baba wimbo uleule: uza hao ng'ombe wangali na miguu ya kusimama, shemeji, nikutafutie kibanda hapa mjini, ufanye biashara kama watu. Hakuwa na nia mbaya, namtetea hadi leo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tutaona."

Hiyo tutaona iliniuma rohoni. Niliwajua wazee waliokwisha kuuza. Walikaa nje ya maduka kutwa nzima na fimbo zao mkononi, wakichunga pikipiki za watu. Nilimwona Baba akilini mwangu katikati yao na machozi yakanilenga. Basi nikaamua kwamba hoja zangu nitamwandikia yeye. Waamuzi wangekuwepo, sawa, na zawadi ya kamusi ingekuwepo, lakini nilitaka Baba asikie mbele ya umma ni kwa nini asiuze.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kutoka Meru, mpole wa sauti lakini katili wa kalamu. Alitaka kila mzungumzaji mkuu aandike msimamo wake wote kwanza, kurasa tatu, ndipo apewe ruhusa ya kusimama jukwaani. Sema unachokiamini katika sentensi ya kwanza, alitufundisha, kisha toa sababu, kila sababu na ushahidi wake, na kabla hujamaliza mpe mpinzani nafasi, iseme hoja yake vizuri kuliko yeye mwenyewe, halafu uivunje. Nilimpelekea kurasa zangu za kwanza nikijiona bingwa. Zilirudi na mstari mwekundu na maneno pembeni: "Hoja bila idadi ni porojo."

Haya. Nikaenda kutafuta idadi nyumbani. Baba alikuwa ameketi kwenye mkeka akingoja chai, na mama yuko kwenye jiko la makaa. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Aba, ng'ombe wetu wamebaki wangapi?"

Mama aliacha kukoroga chai. Baba akaniuliza tangu lini nimekuwa mtu wa kuhesabu ng'ombe.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi, wala watoto. Mfugaji anawajua kwa sura. Jioni anasimama kwenye lango la boma na kumwona asiyekuwepo, kama mama anavyojua nani hajafika kula. Ukitaja idadi umeita jicho baya. Hata wale wa chanjo ya mifugo walipokuja na karatasi zao wakauliza wangapi, wazee waliwajibu, "Wapo." Mtoto wa mfugaji kuuliza swali lile ilikuwa ni kukosa malezi, na nikajilaumu kwa kuharibiwa na shule.

Lakini Baba hakunifukuza. Aliponiona nimenuna akaanza kunieleza mambo mengine, na kwa jioni kadhaa zilizofuata, mtu yule wa neno moja akawa mzungumzaji. Alinieleza jinsi zamu za kisima zinavyopangwa, na jinsi wanavyoacha malisho ya upande wa Leparua yapumzike ili wakirudi wayakute yakiwa yamesimama. Zaidi alinieleza habari za ng'ombe wake mwekundu mwenye pembe iliyopinda kuelekea jichoni. Huyo, alisema, alikuwa akinusa mvua kabla ya mtu yeyote. Akigeuza kichwa, wenzake wote waligeuka, na Baba mwenyewe alimfuata, maana hakuwahi kumpoteza. Alikuwa akicheka akinieleza. Wallahi sikuwa nimemsikia akicheka tangu aje mjini. Mama hakucheka. Alikuwa ametupa mgongo, akimimina kwenye chai maziwa aliyoyanunua sokoni, nami sikujiuliza mke wa mfugaji ananunua maziwa kwa nini. Niliambiwa ng'ombe wako mbali, na yale kidogo yaliyopo ni ya ndama. Ingekuwa ni jirani, ningeuliza. Baba yako unamwamini tu.

Niliyaandika yote. Mwekundu nikampa ukurasa mzima. Mahali pa idadi niliandika kwa herufi kubwa kwamba jamii yangu haihesabu, na kwamba huo nao ni ushahidi, maana tunachokijua kwa sura hatuhitaji kukijua kwa namba. Mwalimu alisoma, akakuna kichwa, akasema ni hoja ya ujanja lakini nijaribu, mcheza kwao hutuzwa.

Siku ya wazazi bwalo lilijaa pomoni. Baba alikuja na kanzu yake safi na kofia, akaketi safu ya mbele na wazee wengine, fimbo katikati ya magoti. Mjomba aliketi pembeni yake. Nilisimama, nikawasalimu mwenyekiti, waamuzi na mtunza saa, kisha nikasahau kwamba wapo. Nilisema na mtu mmoja. Nilimwambia kwamba ardhi yetu haikuumbwa kukaliwa mahali pamoja, kwamba anayehama hakimbii bali anajua aendako. Nilipofika kwa mwekundu wazee walitikisa vichwa kwa furaha, na mmoja akafuta macho kwa kilemba. Baba alikuwa ameinamisha uso. Nikadhani anaona fahari.

Ndipo msemaji wa upande wa pili, mvulana wa kidato cha nne mwenye sauti ya mtangazaji, akaomba nafasi ya swali. Alisema amefurahia hadithi, lakini hadithi haijazi kibuyu. "Dada atuambie jambo moja tu. Baada ya ukame huu, ng'ombe wa kwao wamebaki wangapi?"

Mimi nilitabasamu, maana swali lile nilikuwa nimelingoja kwa hamu.

"Kwetu ng'ombe hawahesabiwi," nikajibu. "Ukituuliza, tunakwambia wapo."

Wazee waligonga sakafu kwa fimbo zao. Wanafunzi walipiga meza mpaka mwenyekiti akachoka kuita utulivu. Mjomba mwenyewe alipiga makofi huku akitikisa kichwa, kama mtu aliyeshindwa kesi na akaipenda hukumu. Upande wetu ulishinda. Nilipopewa kamusi nilimtazama Baba, naye alikuwa amesimama na wengine, anapiga makofi polepole.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi wawili, kwa sababu mama alibaki na wanawake wenzake na mjomba alikimbilia dukani. Nilizungumza njia nzima. Nilimuuliza kama sasa amekata shauri, kama atamwambia mjomba hapana waziwazi, aache kutusumbua. Tulipopita msikiti Baba akasimama kando ya barabara.

"Lile swali la yule kijana," akasema. "Ungemjibu tu."

"Aba, si ni mwiko?"

"Mwiko ni kwa aliye nao."

Sikuelewa, au nilielewa na moyo ukakataa, sijui. Akanieleza pale pale, boda zikitupita, kwa sauti ileile aliyonieleza habari za visima. Walikwisha kufa wote. Mwekundu alikuwa wa mwisho. Alianguka akiwa ameelekea upande ambao mvua haikuja. Jioni zile alizonisimulia habari zake, alikuwa amekwisha kuwa mifupa. Mama alijua. Nikamuuliza sasa Ngaremara alikuwa akienda kufanya nini. Akasema alikuwa anakaa pale walipokuwa. Kisha akaniambia kwamba kuuza asingeweza kukataa wala kukubali, na kwamba siku atakayotamka hawapo, hajui ataitwa nani.

Mimi, mdomo mzima ule, nilisimama na kamusi kifuani kama mtoto aliyebebeshwa mzigo wa mtu. Niliumia vibaya sana. Nilitaka kumkasirikia na sikuweza, nilitaka kumshika mkono na kwetu binti mkubwa hamshiki baba mkono barabarani. Nikachukua hatua, naye akachukua yake.

Karibu na lango letu tulikutana na mzee jirani aliyekuwa ameketi mbele kule bwaloni. Alikuwa bado anacheka kwa furaha. Alimpongeza Baba kwa mtoto, kisha, kama ilivyo adabu, akaanza salamu. Nagaa? Watoto nagaa? Ng'ombe nagaa?

Baba alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akatazama fimbo yake. Mzee akangoja. Salamu haiachwi njiani.

"Nagaa," nikajibu mimi. "Wapo."